Jino Lisilo na Sanadi



Miongoni mwa barua zilizoufikia ukumbi huu wa vijana imo moja ya kijana wa Mombasa, nasi tumeona tuipe nafasi yote ya mwezi huu, na zile nyingine zingoje zamu yake. Asema kwamba ami yake alikuwa safarini katika nchi ya Moroko, na aliporudi alimletea zawadi ya kipande cha taya chenye meno 5 makubwa, yamesimama safu moja katika jiwe la rangi ya mchanga. Muuzaji alisema ni taya la mnyama wa baharini aliyetoweka duniani zamani mno. Sasa amepatikana mtu atakaye kulinunua kwa bei ya kuridhisha, na kijana wetu, kabla ya kupokea fedha, ametuuliza maswali matatu: Je, kitu hiki ni tahiri, na yafaa kukiweka katika chumba anachosalia? Je, ni cha kweli? Na je, ni halali kukiuza?

Twampongeza kwa kuuliza kabla ya kupokea fedha. Wengi huuliza wakisha kuzitumia.

Suali la kwanza ni jepesi. Mnyama huyu aliishi na kuzaa ndani ya bahari, na mashekhe wetu wa madhehebu ya Shafi wamekwisha kubainisha ya kwamba maiti ya mnyama asiyeishi ila baharini ni tahiri, kwa dalili ya ile hadithi mashuhuri ya Mtume (S.A.W.) alipoulizwa juu ya kutawadha kwa maji ya bahari. Juu ya hayo, kilicho mkononi mwa kijana wetu si mfupa tena kama mfupa wa ng'ombe tuutupao jaani, bali kimekwisha kugeuka kuwa jiwe. Na akiweke, asali, wala asiwe na wasiwasi. Jambo moja tu twamkataza: asing'oe jino akalitoboa na kulivaa shingoni ati limkinge na jicho la hasidi. Wazungu wa zamani walikuwa wakiyavaa meno ya papa yaliyogeuka mawe, wakidhani kuwa ni ndimi za nyoka zenye kuondoa sumu, mpaka mwaka 1666 mtabibu mmoja katika mji wa Florence, jina lake Nicolaus Steno, alipopasua kichwa cha papa mkubwa akaona kwa macho yake kwamba zile ndimi ni meno. Wao wamekwisha kulitoka giza hilo. Haielekei sisi ndio tuliingie.

Ama suali la pili, hilo ndilo lenye mlango mpana, na hatuwezi kulijibu mpaka kwanza tujue kitu chenyewe ni nini na chatoka wapi.

Kujua ya kwamba nchi kavu ya leo huenda ikawa bahari ya jana si elimu ngeni kwa Waislamu. Al-Biruni, katika kitabu chake cha kupima masafa ya miji, alieleza kuwa jangwa la Bara Arabu lilikuwa bahari kisha likafukiwa, na dalili yake ni makombe yaonekanayo ndani ya mawe watu wachimbapo visima. Ibn Sina naye, karibu miaka 1,000 iliyopita, alieleza namna wanyama na mimea wawezavyo kugeuka mawe kwa nguvu iliyomo katika baadhi ya ardhi. Basi kijana asomaye habari hizi asidhani kwamba anaingia nyumba ya watu. Wala asishituke kwa hesabu za mamilioni ya miaka tutakazozitaja, kwani Qur'ani haikuweka tarehe ya kuumbwa kwa ardhi, bali katika Sura ya Al-Ankabut yatuamrisha tutembee humo tukatazame jinsi uumbaji ulivyoanzishwa.

Haya, tutembee. Kiasi cha kilomita 120 kusini mashariki ya Casablanca upo mji wa Khouribga, na jirani yake ni mji wa Oued Zem. Ardhi ya huko imejaa fosfeti, mawe yale yafanywayo mbolea, na nchi ya Moroko peke yake yahesabiwa kuwa na zaidi ya nusu ya akiba yote ya fosfeti ijulikanayo duniani. Machimbo ya Khouribga yalianza kazi mwaka 1921. Fosfeti hiyo ilijikusanya chini ya bahari ya kina kifupi iliyoifunika nchi ile tangu kiasi cha miaka milioni 72 iliyopita, na ikaendelea kujikusanya kwa zaidi ya miaka milioni 20, tabaka juu ya tabaka, na ndani ya kila tabaka mabaki ya viumbe wa zama zake. Wachimbaji wa fosfeti wameyapa matabaka hayo nambari. Tabaka la 3 ndilo la chini na la kale kuliko mengine. La 2 liko juu yake. Na la 1 juu zaidi. Twamwomba msomaji azishike nambari hizi, kwani tutazirudia.

Katika tabaka lile la 3 ndimo alimozikwa mnyama wetu. Jina lake ni mosasauri. Mafuvu yake ya mwanzo yaliyopata sifa yalichimbuliwa katika machimbo ya chokaa ya Maastricht, nchi ya Uholanzi, katika karne ya 18. Na moja lilichukuliwa na jeshi la Wafaransa lilipouteka mji huo mwaka 1794, likapelekwa Paris, na huko liko. Mwaka 1808 mwanachuoni Georges Cuvier alionyesha kwamba mwenye fuvu lile si nyangumi wala mamba kama walivyodhani watu, bali ni mnyama wa ukoo wa kenge. Naam, kenge huyu huyu anayetuibia mayai ya kuku. Mfikirie kenge, kisha mrefushe mpaka afike mita 9 au zaidi, migeuze miguu yake iwe mapezi, na mkia wake uutie pezi la kupigia maji: huyo ndiye mosasauri. Walitoweka wote kiasi cha miaka milioni 66 iliyopita, wakati ule ule walipotoweka wale madubwana wa nchi kavu waitwao dinosau.

Walikuwa wa namna nyingi, na kila namna hutambulika kwa meno yake kama fundi atambulikavyo kwa vyombo vyake. Yuko Thalassotitan, aliyepewa jina mwaka 2022, mwenye meno manene kama vigingi. Aghlabu hukutwa yamekatika ncha au yamelika, kwa kuwa alikuwa akiwatafuna wanyama wenziwe wenye mifupa. Yuko Globidens, mwenye meno ya mviringo kama kichwa cha uyoga, ya kupasulia makombe. Yuko Mosasaurus beaugei, aliyeelezwa mwaka 1952 na Mfaransa Camille Arambourg katika kitabu chake kikubwa juu ya mifupa ya fosfeti za Afrika ya Kaskazini. Meno yake yana makali mbele na nyuma. Na yuko Khinjaria, aliyetangazwa mwaka 2024, ambaye jina lake limetokana na khanjari, lile jambia ambalo ndugu zetu wa Oman hulifunga kiunoni siku ya harusi na siku ya Idi. Atakayetazama picha ya meno yake hatauliza sababu ya jina.

Sasa twafika kwenye jambo ambalo msomaji akilifahamu, nusu ya suali la pili imekwisha kujibika. Sisi binadamu tumepewa meno mara mbili tu, ya utotoni na ya ukubwani. Mosasauri hakuwa hivyo. Kila jino lake lilipochakaa lilisukumwa na jipya lililokuwa likiota chini yake, na mambo yakaendelea hivyo umri wake wote, hata mnyama mmoja akaacha chini ya bahari meno mengi mno. Na ganda la nje la jino ni gumu kuliko mfupa wowote mwilini, kwa hiyo hudumu pale ambapo mfupa waoza. Ndiyo maana jino moja moja la mosasauri wa Moroko, la kweli kabisa, ni kitu chepesi kupatikana na bei yake si ya kutisha. Lakini taya lenye meno yake yamekaa mahali pake, kama yalivyokuwa siku mnyama alipokufa, ni kitu adimu sana.

Watu watakao taya ni wengi, na mataya ni machache. Hapo ndipo mlango wa hadaa ulipofunguliwa.

Ifanywavyo ni hivi. Mtu huchukua meno matano au sita yaliyookotwa mbali mbali, pengine ya wanyama mbali mbali, akakoroga mchanga wa fosfeti kwa gundi, akatia humo vipande vya mifupa visivyojulikana vimetoka wapi, kisha akayapanda meno yake safu moja kama apandaye vitunguu. Ikikauka huikwaruza kidogo ionekane ya kale. Mwingine huwa na jino lililovunjika mzizi, basi huliunga na mzizi wa jino jingine. Ajabu ya hadaa hii ni kwamba meno yenyewe ni ya kweli. Mnunuzi akilichunguza jino huliona ni sahihi, akaridhika, kumbe uwongo hauko katika jino bali katika jirani zake.

Dalili zake ni nyingi, na kijana wetu azitafute katika taya lake kwa kioo cha kukuzia. Katika taya la kweli kila jino limesimama juu ya mzizi mnene ulioshikana na mfupa, na mfupa wenyewe una vitundu vidogo vidogo mno kama vya sponji. Katika lile la kuungwa, pembeni mwa jino hakuna mfupa, ni mchanga mtupu. Mchanga wa asili una chembe kubwa na ndogo zimechanganyika, na ule uliokorogwa kwa gundi mara nyingine huwa na viputo vya hewa. Meno yakiwa rangi mbali mbali, au yote yamesimama urefu sawa sawa kama ukuta wa ngome, na atie shaka. Taa ile itumiwayo madukani kukagulia noti za bandia pia yafaa: gizani, mahali penye gundi hung'aa tofauti na jiwe. Na pamba iliyotiwa dawa ya kuondolea rangi ya kucha, ikisuguliwa kwa nyuma juu ya mchanga (si juu ya jino), aghlabu hulainisha gundi, na jiwe hailifanyi kitu. Kwa kazi hii ya mwisho na aombe ruhusa kwa dada yake, kwani dawa ni yake.

Lakini iko dalili nyingine iliyotupendeza zaidi ya zote, nayo ndiyo iliyotufanya tuiandike makala hii. Katika vibao vya mawe viuzwavyo huko hukutwa mara nyingine jino la mosasauri limekaa ubavuni mwa jino la papa aitwaye Otodus, jino kubwa la pembe tatu ambalo watu hulipenda kwa uzuri wake. Mwenye kujua matabaka akiona kibao hicho hucheka. Mosasauri ni wa tabaka la 3, na ukoo wao ulikwisha kukatika miaka milioni 66 iliyopita. Papa yule ni wa matabaka ya juu, aliyekuja baada yao kwa mamilioni ya miaka. Vipi wamelala pamoja?

Wanafunzi wa elimu ya hadithi wataitambua hoja hii mara moja. Wanavyuoni wetu wa zamani walipoona waongo wamezidi katika kupokea hadithi za Mtume (S.A.W.) waliwakamata kwa tarehe. Mtu husema, amenihadithia fulani. Nao humwuliza, wewe umezaliwa mwaka gani, na huyo fulani amekufa mwaka gani? Ikidhihiri kwamba shekhe alikuwa kaburini kabla ya mwanafunzi kuzaliwa, riwaya yote hutupwa, hata maneno yake yawe matamu namna gani. Kwao maneno hayakutosha kuwa mazuri. Walitaka sanadi, yaani silsila ya watu waaminifu, huyu kapokea kwa yule na yule kwa yule, mpaka ifike mwenyewe.

Basi jino lililotoka ardhini nalo ni riwaya. Latupa khabari ya kiumbe ambaye hakuna jicho la binadamu lililomwona. Na sanadi yake ni maneno machache tu: limetoka shimo gani, tabaka gani, kina gani, siku gani, mkononi mwa nani. Maneno hayo yakiwapo, jino dogo lisilopendeza laweza kuwafundisha watu elimu kubwa. Yasipokuwapo, jino la kupendeza kuliko yote ni pambo la mezani na basi. Tusidhani kuwa twapiga chuku. Mwaka 1996 ulitangazwa ugunduzi wa mnyama mdogo wa ukoo wa tembo aitwaye Phosphatherium, kutoka fosfeti hizo hizo za Moroko, miongoni mwa tembo wa kale zaidi wanaojulikana. Vipande vyake vya kwanza vilipatikana kwa njia ya wafanya biashara, wala havikuchimbwa na wanavyuoni wenyewe, na umri wake ukakisiwa kwa kutazama mchanga na vimeno vilivyogandana navyo. Baadaye, wenye elimu walipokwenda kuchimba wenyewe, ikadhihiri kwamba alikuwa wa zama za baadaye kuliko walivyokisia, tofauti ya miaka mamilioni kadhaa. Na hapo hapakuwa na mtu aliyekusudia kudanganya. Ilikuwa ni sanadi iliyokatika tu.

Sasa suali la tatu, la kuuza. Kijana wetu bila shaka aijua ile hadithi aliyoipokea Muslim kwa Abu Huraira, ya Mtume (S.A.W.) alipopita sokoni akakuta chungu ya nafaka, akatia mkono wake ndani, vidole vyake vikapata umaji. Mwenye mali akatoa udhuru kuwa ni mvua iliyoirowesha. Mtume hakuukataa udhuru wa mvua, bali alimwuliza sababu ya kutoiweka ile iliyorowa juu watu wapate kuiona, kisha akamkana mwenye kughushi kuwa si katika watu wake. Na tuizingatie vyema khabari hii. Nafaka ilikuwa nafaka ya kweli, kama meno yale yalivyo meno ya kweli. Kosa lilikuwa katika kuipanga.

Kwa hiyo jibu letu ni hili. Kuuza taya ni halali ikiwa ni mali yake kwa njia safi, kwa shuruti kwamba amweleze mnunuzi kila alijualo na kila alitiliaye shaka. Akiona dalili za gundi, na aseme: hili limeungwa, meno ni ya kweli, taya sijui. Akisema hivyo, mnunuzi akaridhia, biashara ni safi, hata kama taya lote limekorogwa jana. Mtu yuko huru kununua pambo. Akinyamaza, mnunuzi ana haki ya kulirudisha kwa aibu na kutaka fedha zake, na fedha alizozipokea kijana hazina baraka. Wala asiseme, mimi pia niliuziwa hivi hivi. Akisha kujua, ujinga wa aliyemtangulia haumfai kitu.

Bei itashuka? Itashuka, bila shaka. Jino moja la kweli lililokiriwa lina bei yake, na hiyo ndiyo haki yake.

Na hapa twataka kusema neno juu ya watu wa Khouribga na Oued Zem, kwani tumeona wengine wakiwasema vibaya kana kwamba mji mzima ni wa wadanganyifu. Wako wanaume huko ambao hupekua vifusi vya machimbo na kuta za mashimo juani mchana kutwa, wakatoka na mfuko wa vimeno ambao dalali huununua kwa bei ndogo, na vile vile vikauzwa ng'ambo kwa bei iliyokwisha kuzaa na kujukuu. Mosasauri wengi waliopewa majina miaka hii, kwanza waliokotwa kwa mikono ya watu hawa. Wapo miongoni mwao mafundi ambao kwa kutazama rangi ya jino tu watakwambia limetoka shimo gani. Elimu hiyo isipoandikwa hufa pamoja na wenyewe. Ama aliyelifundisha soko uwongo, kwa maoni yetu, si mchimbaji; ni yule mnunuzi wa mbali anayetaka taya zima kwa bei ya jino moja, na akiletewa haulizi.

Iko pia haki ya nchi. Sheria ya madini ya Moroko ya mwaka 2015 yataka idhini kwa kuchimba, kuuza na kutoa nje vitu vya namna hii, basi msafiri atakaye kununua na aulize karatasi kabla ya kufunga mzigo. Mwaka 2017 mifupa ya mnyama wa baharini mwenye shingo ndefu, Zarafasaura, iliyotoka machimbo yayo hayo, ilikuwa imewekwa tayari kupigwa mnada mjini Paris. Wamoroko walipopaza sauti, mnada ukavunjwa. Kwetu Kenya sheria ya makumbusho na urithi ya mwaka 2006, na kwa jirani zetu wa Tanzania sheria ya mambo ya kale ya mwaka 1964, zakataza mtu kujichimbia mabaki ya namna hii bila ya kibali. Na kila asomaye ramani ya Lindi akumbuke Tendaguru, ambako kati ya mwaka 1909 na 1913 wapagazi walibeba vichwani na mabegani tani kwa tani za mifupa mpaka bandarini, na leo dubwana lake la mita 13 limesimama Berlin. Tofauti ni kwamba mashimo ya Tendaguru yalipewa herufi na nambari, na mifupa ikasafiri na maandishi yake. Mali ilihama lakini khabari haikupotea. Kwa jino lililouzwa bila ya maandishi, vyote viwili hupotea pamoja.

Kijana apendaye kukusanya, basi, na aanze na daftari kabla ya kabati. Kwa kila jino aandike kwa wino nambari ndogo mahali pasipoonekana sana, na katika daftari mbele ya nambari hiyo aandike alilipata kwa nani, mwaka gani, na aliyempa alisema limetoka wapi. Akiambiwa "Moroko" tu, aandike Moroko tu, asiongeze Khouribga kwa kuwa amesoma jina hilo hapa. Panapounganishwa kwa gundi aandike pameunganishwa. Meno machache ya namna hiyo, katika kasha la kiberiti lililotandikwa pamba, yana thamani kwetu kuliko taya la ukutani.

Tumalizie kwa kisa kimoja ambacho bado hakijafungwa. Mwaka 2021 wanavyuoni wa Uingereza, Ufaransa, Uholanzi na Moroko walitangaza mosasauri mpya, mdogo kwa wenziwe, kutoka Sidi Chennane katika wilaya ya Khouribga. Walichokuwa nacho ni kipande cha taya la juu chenye meno 4, na meno hayo yalikuwa ya ajabu, bapa na yamebanana kama meno ya papa, ambayo hayajapata kuonekana katika ukoo ule. Wakamwita Xenodens calminechari, na neno la pili ni la Kiarabu, kal-minshaar, maana yake kama msumeno. Taya lile lakini halikuchimbwa mbele ya macho ya mwenye elimu. Mwezi wa Disemba mwaka 2024 wanavyuoni wa Chuo Kikuu cha Alberta, nchi ya Kanada, waliandika kwamba wana shaka nalo: kwa mosasauri wote wanaojulikana kila jino lina tundu lake peke yake, na hapa waliona meno mawili katika tundu moja, tena waliona pembeni mwa baadhi ya meno kitu kinachofanana na gundi. Hawakukata hukumu. Walitaka taya lipigwe picha za eksirei zipenyazo mpaka ndani ya mfupa, ili ijulikane kama meno yameota humo au yametiwa. Taya lenyewe limewekwa katika makumbusho ya viumbe mjini Marrakech, chini ya chuo kikuu kilichopewa jina la Kadhi Iyadh, yule mwanachuoni mzaliwa wa Sabta aliyefariki Marrakech mwaka 1149, ambaye, mbali na kitabu chake Ash-Shifa, aliandika kitabu kizima, Al-Ilmaa, juu ya kanuni za kupokea riwaya na kuzihifadhi.